Swali la Mara ya Pili

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chekechea huko Rangwe nilikuwa na maringo. Nadharia za ukuaji wa akili ya mtoto zilikuwa bado mbichi kichwani. Hata mtoto akipiga chafya nilitafuta yuko hatua gani.

Darasani kulikuwa na msichana wa miaka sita, mkimya sana. Ilinipasa kuamua kama angevuka na wenzake kwenda gredi ya kwanza au angebaki. Nikampima kwa maji, kama nilivyofundishwa chuoni, nione kama anajua maji hayaongezeki kwa kubadilishiwa chombo. Nilimwekea glasi mbili za aina moja, maji sawa.

"Ni sawa?"

"Sawa."

Nikamimina glasi moja kwenye chupa nyembamba, anaona. "Na sasa, ni sawa?"

Akanitazama usoni, akasita. "Hapana. Ya chupa ndio mingi."

Nikaandika kwa penseli: *bado*. Nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Jumamosi nilienda sokoni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nikamkuta yule msichana kwenye meza ya mama yake, yeye ndiye anayepima. Alijaza gorogoro, ule mkebe wetu wa kupimia, akamwagia mteja kwenye mfuko mpana. Omena zikatandaa chini kabisa.

"Aa! Mbona kidogo hivi?" mteja akamfokea mtoto.

"Mama, ni ile ile. Si umeona nikimwaga? Mfuko yako ndio kubwa."

Mteja alipoondoka nikamwuliza mtoto, "Mbona shuleni uliniambia maji yameongezeka?"

Akamtazama mama yake kwanza. "Mwalimu, si uliuliza tena? Ukiuliza tena, ni mtu amekosa."

Niliona aibu. Ni kweli, ndivyo ninavyofundisha: mtoto akipata, darasa linampigia makofi tunaendelea, akikosa, narudia swali huku nimemkazia macho. Alikuwa amejifunza vizuri mno. Aliyekuwa hajajifunza ni mimi, na kidogo nimrudishe nyuma mwaka mzima kwa kosa langu.

Jumatatu nilimwita mezani. Safari hii nilimimina kwanza glasi moja kwenye chupa, anaona, ndipo nikauliza, mara moja tu.

"Ni sawa," alisema. "Ni maji ile ile."

"Una hakika?" swali lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikafuta *bado*, nikaandika *avuke*, kisha nikampigia makofi peke yangu.