Ng'ombe za Wifi, Maji ya Ziwa

Tulikuwa hivi. Mimi. Mume wangu. Mama mkwe, aliyekataa kubaki nyumbani kulinda kuku. Binti yangu wa pekee, niliyemzaa katikati ya kaka zake. Na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye tuliyemfuata. Mume wa wifi alikuja mpaka ziwani akatuonyesha upande usio na mamba, halafu akaenda kwenye mitumbwi yake, kwa hiyo simhesabu. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na hata la yule mbwa aliyetufuata kutoka Nyakato. Binti yangu amesema nisiyaandike. Sawa, siandiki, ila msidhani nimesahau.

Hapo ni Musoma, kwenye mawe ya ziwani, wakati maduka yameanza kujaa vitu tena. Lakini jambo lenyewe halikuanzia Musoma. Lilianzia kwetu Butiama, kwenye lambo.

Lambo letu lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunaendaga huko kutembea tu, tunapunga upepo. Miaka ile dukani hakuna kitu. Sabuni ikija unapanga foleni toka alfajiri, unarudi na kipande cha kushika kwa vidole viwili. Sukari tulikuwa tunawasimulia watoto. Lakini kwenda lambo hakukuwa na foleni. Ng'ombe walinywa upande ule wa mteremko, sisi wanawake tukakaa huku kwenye ukingo, na wanaume wakajifanya hawatuoni. Watoto waliingia mpaka magotini. Mimi sikuingia. Nilikozaliwa, juu kule milimani, maji ni kitu cha kubeba kichwani. Haikunijia kabisa kwamba na yenyewe yanaweza kumbeba mtu.

Wifi alijua hilo. Aliolewa kwenye kijiji cha wavuvi, na huko akajifunza kuogelea kama aliyezaliwa na samaki. Kila kiangazi alikuja kutusalimia na kapu la samaki wakavu, na sabuni nzima, sijui aliitoa wapi. Tukifika lambo anafunga khanga kifuani, anaingia, anapotea chini, watu wanashika midomo, mara anatokea ng'ambo anacheka. Watoto wote nyuma yake kama vifaranga vya bata. Na wa mbele kabisa ni binti yangu.

"Shangazi, nishike!"

"Lala tu, mama. Usishindane nayo. Lala kama uko kitandani."

Anaweka mkono chini ya mgongo wa mtoto, halafu anautoa polepole, mtoto hana habari, anaelea. Mimi niko ukingoni nimeshika gauni lake. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, mshika gauni. Kifua kilikuwa kinaniwaka. Na ulikuwa wivu wa ajabu, maana mimi ndiye niliyekuwa na watoto. Wifi hakujaliwa hata mmoja. Watu walimhurumia yeye, hakuna aliyenihurumia mimi na lile gauni.

Sasa niwaeleze habari ya ng'ombe. Kwetu kijana anaoa kwa ng'ombe za dada yake. Dada akiolewa, mahari inaingia zizini, na yule kaka aliyepangiwa naye anaichukua hiyo hiyo kwenda kuletea mke. Ng'ombe za wifi ndizo zilizofika kwa baba yangu. Kwa hiyo wifi ana kauli juu yangu ambayo hata mume wangu hana. Akinitania, ninacheka. Na kama hakupata mtoto, anaweza kuomba wangu amlee, na kumnyima ni aibu ya ukoo mzima.

Akaomba. Pale pale lambo, maji yanamdondoka nywelani.

"Mke wangu," ndivyo alivyoniitaga siku zote, kwa utani wa zile ng'ombe, "huyu nipe. Sisi tumehamia Nyakato, pale Musoma. Shule iko karibu, ziwa liko karibu."

"Ana mama huyu."

"Na mama yake aliletwa na nani hapa? Si ng'ombe zangu? Zingefia njiani, mpaka leo ungekuwa unachunga mbuzi za baba yako."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka. Ndivyo inavyotakiwa.

Mume wangu, ambaye hapendi kelele, akasema mtoto aulizwe mwenyewe. Tukishauza pamba twende wote Musoma, akaone, halafu aseme anabaki au anarudi.

Wifi hakungoja. Akatanguliza zawadi. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia, na katika marobota hayo yeye akaokota nguo ya bluu, inabana, haina mikono, inaishia kwenye nyonga. Tuliigeuza na kuigeuza. Mama mkwe akasema ni fulana iliyoishiwa kitambaa. Binti yangu ndiye aliyejua, alishaambiwa: ni nguo ya kuogelea. Akalala nayo chini ya mto. Gauni nililomshonea Krismasi hakulilalia hata mara moja.

Basi nikachukua khanga yangu kuukuu, nikaishonea sketi ile nguo, mpaka chini ya magoti, na mikono juu yake. Nilisema ni kwa ajili ya heshima. Mama mkwe akaniunga mkono.

Tulipanda lori la pamba, tukalala Nyakato, asubuhi tukateremka kwa miguu mpaka ziwani. Nilikuwa sijasimama mbele ya maji ambayo hayana upande wa pili. Binti yangu akavua gauni, ile sketi ikaonekana. Wifi akaitazama, akanitazama.

"Mke wangu, umemvalisha mtoto pazia?"

Akapiga magoti, akakata nyuzi zangu kwa meno, moja moja, mpaka sketi ikaanguka na mikono ikafuata. Mtoto anacheka anafurukuta. Kisha wakaingia wawili, wakaenda mpaka kwenye jiwe lililotokeza mbele huko. Mimi nikabaki na gauni, safari hii na vitambaa juu yake.

"Mama!" akaita mtoto kutoka kwenye jiwe. "Na wewe njoo!"

"Muache," wifi akasema, na sauti juu ya maji inafika yote. "Paka ana afadhali. Mama yako anaogopaga maji hata ya kunawa."

Nikaweka gauni chini, na khanga ya begani juu yake. Mume wangu akauliza, "Unaenda wapi?" Nikaingia na kitenge changu na blauzi yangu. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, jiwe likateleza, nikanywa ziwa. Halafu kitu kikanishika mgongoni. Mkono.

"Lala, mke wangu. Usishindane nayo."

Nikalala. Nikaona mbingu tu, na masikio yamejaa maji, hata kicheko cha mama mkwe sikukisikia. Siwezi kudanganya, ilikuwa tamu. Na utamu huo nao ukanikera, kwa sababu ya mkono uliokuwa chini yake. Ulipoondoka sikujua.

"Mama anaelea! Mama anaelea!"

Binti yangu alikuwa anapiga makofi juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama mimi. Nikajua nimeshinda.

Jioni tukala ugali na sato. Mume wangu akanawa, akamgeukia mtoto.

"Haya, mama. Sema."

"Nitabaki kwa shangazi."

"Na mama yako je?"

"Si ameshajua maji? Mwanzo nilikuwa namwonea huruma, nikibaki huku atakuwa anakaa peke yake kwenye mawe. Sasa atakuwa anakujaga tunaoga wote."

Wifi akaninyofolea mnofu wa samaki akaniwekea. Ningebaki kwenye mawe yangu, mkavu, pengine angerudi na mimi kwenye lori.

Nikawa nakwenda, kila nilipopata usafiri. Nikajifunza kuogelea kweli kweli, si kwa kupenda maji, ni ili wasiniache nyuma. Binti yangu leo anakaa Manyamanyama, ana watoto wake, na likizo anatuchukua sote tunaenda ziwani. Wajukuu wakimuuliza nani alimfundisha, anasema, "Bibi wa Nyakato." Mimi nipo pale pale, nimelowa. Wifi, mzee kama mimi, ananikonyeza.

Uliyekuwepo na ukasoma hapa, nisahihishe. Huenda nguo haikuwa ya bluu. Huenda lori lilikuwa la mtama. Ila kuna moja ninaloliuliza. Siku ile mtoto alipotoka majini anatetemeka, wifi alikuwa amemfungulia khanga, na mimi nimemfungulia yangu. Akaja kwenye yangu. Wifi anasema ni kwa sababu nilisimama karibu zaidi. Kama kuna aliyeona nani alikuwa karibu, aniambie, nami nipo bado.