Kadi Bandia na Miti Minne

Mama mkubwa alifika stesheni Jumapili ile kabla sijanywa chai, amevaa gauni la kanisani, mkononi ndoo ya omena, dagaa wa ziwani, iliyofunikwa kwa leso. Alinikuta chini ya meza, nimelala chali, navuta waya usio na kosa lolote. Aliinama akanitazama.

"Nyathina, hata waya inapumzika Jumapili," alisema.

Nyathina ni mwanangu kwa Dholuo, na ndivyo anavyoniita tangu utotoni, ingawa si yeye aliyenizaa. Yeye ni mke wa kwanza wa marehemu baba. Mamangu, aliyekuwa wa pili, alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na kabla watu hawajamaliza kukunja turubai za matanga mama mkubwa alikuwa ameshahamishia godoro langu nyumbani kwake. Nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia. Ukimwambia, anakuuliza unataka nini.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za stesheni ndogo ya redio hapa Kisumu, juu ya duka la magodoro. Tunatangaza vifo, bei ya samaki ufukweni Dunga, mahubiri, na Jumapili saa tisa alasiri tunatoa salamu. Kipindi cha salamu ndicho roho ya stesheni. Watu huja wenyewe studioni, nguo zimepigwa pasi, kumsalimia shangazi waliyemwacha nyumbani asubuhi hiyo hiyo. Mnara wetu unafikisha sauti hadi vijiji vya ziwani. Walio mbali zaidi hutusikiliza kwa mtandao.

Mama mkubwa alikuja kumsalimia kitinda mimba wake, anayeendesha lori Uarabuni. Walikuwa hawajasemezana tangu alipoondoka. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Ni mila, na anayeivunja hulaumiwa kwa kila ugonjwa utakaoingia bomani. Sasa kaka yake mkubwa ni fundi wa mashua huko nyumbani, karibu na Port Victoria, mikono ya dhahabu na mifuko mitupu, na mpaka leo analala nyumba ya kupanga sokoni. Mdogo alirudi likizo na mabati mapya, akataka kujenga. Mama mkubwa akamwambia mbele ya majirani angoje kaka yake. Kijana aliegemeza mabati kwenye ukuta wa jikoni, akachukua begi lake, akaenda. Mabati yako pale pale, kuku wanatagia nyuma yake.

Simu za nyumbani hapokei, hata yangu. Lakini jamaa anayelala naye chumba kimoja, mtu wa Otonglo, aliniambia mambo mawili. La kwanza, kila Jumapili ndugu yangu hufungua stesheni yetu kwenye simu yake, akasikiliza salamu kimya mpaka mwisho. La pili, mkataba wake umeisha na Jumatatu anatia sahihi mwingine, mrefu kuliko wa kwanza. Nilipompelekea mama mkubwa habari hizo, hakulia. Aliuliza kipindi kinaanza saa ngapi.

Na mimi, kwa akili zangu zote, nilikuwa nimechagua Jumamosi hiyo kupandisha mfumo wa sava yetu hadi toleo jipya la Linux.

Sava yetu ni kompyuta moja iliyogawanywa ndani kwa ndani. Kila kazi ina kijumba chake, tunakiita kontena, na kila kontena hujiona kama kompyuta kamili. Kimoja kinahifadhi rekodi, kingine kinapokea ujumbe wa wasikilizaji, na kingine, kile nilichokihitaji kuliko vyote, kinarusha matangazo kwenye mtandao. Vyote vinapata mtandao kupitia daraja moja, ambalo nalo si kitu cha kushika. Ni mpangilio tu ndani ya mfumo. Kabla ya kupandisha toleo kila kitu kilikuwa sawa. Baadaye sava iliamka, taa zikawaka, na hakuna kontena hata moja lililopata mtandao.

Nilifanya yote ambayo mtu hufanya kabla ya kufikiri. Nilizima na kuwasha. Nilibadilisha waya. Niliwapigia watu wa intaneti na kuwafokea, nao wakaniambia kwa upole laini yao haina shida, na kweli haikuwa nayo. Nilifungua ukuta wa usalama wote, nikaufunga tena. Nilijaribu kuwasha kontena la matangazo kwa mkono, likanijibu kwamba linangoja mtandao. Nikaiuliza sehemu inayosimamia mtandao. Nayo ikasema inangoja daraja liwe hai. Hapo nikamaliza subira yangu, na ndipo nikaingia chini ya meza kupigana na waya.

Mama mkubwa alivuta kiti akakaa. Mtangazaji wa salamu, mwanamume mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, aliingia akitafuna mahindi.

"Injinia, leo tuko kwa mtandao ama hatuko?"

"Tuko FM."

"FM inafika Uarabuni?"

Nilivuta waya mwingine. Alimtazama mama mkubwa, akamtazama tena mtu aliye chini ya meza, akatoka taratibu na mahindi yake.

"Umekula?" mama mkubwa aliniuliza.

"Bado, Mama."

"Ndio maana."

Akatoa chapati kwenye mkoba. Nilitoka chini ya meza nikala, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikasoma kumbukumbu za mfumo polepole, mstari kwa mstari, badala ya kuzikodolea macho kama mtu anayetafuta ugomvi. Kosa lilikuwa limeandikwa wazi. Daraja halihesabiwi hai mpaka kitu kimoja angalau kichomekwe kwake. Vitu vya kuchomekwa ni makontena. Na makontena hayawashwi mpaka daraja liwe hai. Toleo la zamani lilikuwa halijali, lilimwasha kila mmoja na litakalokuwa na liwe. Toleo jipya lina adabu, kwa hiyo kila mtu alikuwa amekaa akimngoja mwenzake.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha hasira.

"Nini?" mama mkubwa akauliza.

Nikamweleza, kwa sababu hakubali kuambiwa "ni mambo ya kompyuta tu." Alisikiliza akitoa makombo ya chapati kwenye gauni.

"Huyu anangoja yule, na yule anangoja huyu," alisema. "Sasa nani ataamka?"

"Hakuna."

"Na hakuna mwenye ako na makosa."

"Hakuna, Mama. Wote wanafuata sheria."

Aligeuka kutazama nje. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, na chini muuza magodoro alikuwa anapanga vitu vyake nje ya duka, maana Jumapili ndiyo siku watu hununua wakitoka kanisani. Nilirudi kwenye kibodi. Dawa niliijua sasa, na ilikuwa ndogo ya kuaibisha. Linux hukuruhusu kuunda kadi bandia ya mtandao. Si kadi ya kweli. Haina waya, haipeleki kitu popote. Ukiichomeka kwenye daraja, daraja linaona kuna mtu, linajihesabu hai, na wengine wote wanapata ruhusa ya kuamka. Niliandika mistari michache kwenye faili la mpangilio ili kadi hiyo isimame kila mara umeme ukirudi, maana hapa kwetu umeme una safari zake. Nikawasha sava upya.

Kontena la rekodi likapata anwani. Kisha la ujumbe. Kisha la matangazo. Nikafungua stesheni kwenye simu yangu kwa mtandao, na kwaya ya kanisa fulani ikaimba ndani ya kiganja changu. Nilitaka kumkumbatia mtu, nikamkumbatia aliyekuwepo.

"Umeifanya nini?" aliuliza, uso umebanwa begani mwangu.

"Nimeweka kitu cha uongo, Mama. Kinasimama tu. Hakifanyi kazi yoyote, lakini kwa sababu kimesimama, wale wengine wanaweza kuendelea."

Alijitoa mikononi mwangu, akanitazama kwa jicho moja, jicho analotumia sokoni.

"Hiyo si uongo," alisema. "Hiyo tunafanya."

Ni kweli, nami nilikuwa nimesahau. Kaka mkubwa akifa kabla hajajenga, au akipotelea mjini, wazee husimamisha kijumba cha jina tu mahali pake, miti minne na nyasi kidogo juu, halafu mdogo anajenga bila lawama. Lakini kaka yetu hakufa wala hakupotea. Yuko hapo sokoni, na aliye hai lazima asimamishe mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa ameona haya kusimamisha miti minne ambayo kila mtu angejua haitakuwa nyumba kamwe. Na mama mkubwa alikuwa ameona haya kumwambia, kwa sababu kumwambia ni kusema, mwanangu, najua hutajenga.

Alitoa simu yake ya vibonye kwenye mkoba, akanipa nimtafutie namba ya kaka.

"Uko wapi?" alisema alipopokelewa. "Toka huko. Chukua miti nne, enda nyumbani, simamisha pale chini ya jikoni... Sasa hivi... Najua ni Jumapili. Watu watacheka? Wacha wacheke, meno ni yao."

Kaka alisema kitu kirefu. Mama mkubwa alisikiliza yote, na uso wake ukalegea nikaona jinsi alivyochoka.

"Baba," alimwambia, kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia kwa mtu mzima, "wewe unajengea watu wote wa ziwa mashua. Mimi siwezi kukuonea aibu. Simamisha tu ndugu yako akuje."

Alikata simu, akajipangusa pua kwa leso ya omena. Nilijifanya nasoma skrini, lakini sikuona herufi hata moja.

Saa tisa ilifika, na mama mkubwa akakataa kuingia studioni. Alisema hawezi kusema kitu hewani ambacho hakijasimama chini. Mtangazaji alisoma salamu za watu wote waliokuwa wameleta, akarudia za wengine, akatangaza bei ya samaki ambayo hakuna aliyeiuliza. Kila wimbo ulipokaribia kuisha alinitolea macho kupitia kioo. Kwenye skrini yangu, inayohesabu wasikilizaji wa mtandao kwa nchi, msikilizaji wa Uarabuni alikuwepo, mmoja tu. Nilimwangalia kama unavyoangalia maziwa jikoni.

Hatimaye simu ya vibonye ikalia. Mama mkubwa alisikiliza, akasema, "Hata kama moja imepinda," kisha akainuka, akanyoosha gauni, akaingia studioni.

Nilikuwa nimemwandikia maneno wiki nzima kabla. Yalikuwa maneno mazuri ya kuomba msamaha, ya kumsihi mwanawe aje kwanza, mambo ya nyumba yazungumzwe baadaye. Nilijua moyoni kwamba ndugu yangu angesikia tu lile neno la zamani, ngoja. Karatasi yangu aliiacha kwenye kiti.

"Mimi ni mama," aliiambia maikrofoni, karibu mno, mpaka mtangazaji akamrudisha nyuma kidogo. "Nasalimia mtoto yangu wa mwisho. Wewe unajijua. Ndugu yako amesimamisha nyumba leo. Ni ya miti nne, na moja imepinda, lakini imesimama. Sasa njia iko wazi. Mabati yako hayajashika kutu, mimi mwenyewe nafukuzanga kuku. Kuja ujenge. Mimi nilikuwa nataka kila mtu afuate laini, na laini ikakupeleka mbali. Ni hayo tu. Na nasalimia pasta."

Mtangazaji wetu, anayeongea hata usingizini, alisogeza maikrofoni pembeni. Aliweka wimbo.

Niliangalia skrini. Mtandao huchelewesha sauti kidogo, kwa hiyo nilijua ndugu yangu alikuwa bado anamsikiliza hata baada ya mama mkubwa kuvua spika za masikioni. Msikilizaji wa Uarabuni, mmoja. Mmoja. Kisha sifuri.

Nilisogelea skrini. Nilidhani daraja limekufa tena. Nikaangalia: daraja hai, kontena hai, kadi yangu bandia imesimama pale bila kufanya lolote. Wasikilizaji wa kwingine wote walikuwepo. Aliyetoka alitoka mwenyewe. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, akanisoma usoni.

"Hakusikia?"

Kabla sijajibu, simu ya vibonye ililia mkononi mwake. Namba ilikuwa ndefu, ya mbali. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaurudisha pembeni. Aliiacha ilie mara ya pili, mara ya tatu, huku anafunga vizuri kitambaa kichwani, kana kwamba angeonekana.

"Mama, itakatika!"

"Mimi ni mamake," alisema. "Sikimbilii simu."

Alibonyeza kitufe kwa vidole viwili. Hakusema halo, wala hakumwita jina. Nilisikia mtu mzima akivuta pumzi ng'ambo ya pili bila kuweza kuanza, na mama mkubwa akamsaidia.

"Umekula?" alimwuliza.