Plasta ya mtoto niliyoikuta katikati ya kitabu cha mtumba, Bunda

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona mnabishana kuhusu bookmark, nani anakunja kona ya ukurasa na nani anatumia risiti ya luku, nikaona nilete hili lililonikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Musoma, Nyasho. Wateja wakipungua nasomaga. Bookmark yangu ni kipande chochote cha kitambaa kilichopo mezani, kwa hiyo riwaya zangu zote zimejaa vitenge.

Kuna mteja wangu wa Mwisenge aliwahi kunirudishia kitabu ameweka dagaa mkavu ndani. Dagaa, wakuu! Eti hakuwa na kitu kingine karibu. Kile kitabu kinanuka ziwa mpaka leo.

Basi, mwaka huu nilipeleka sare za kwaya Bunda. Nikapitia kwa jamaa mmoja, tumwite Masatu, anawawekea watu nyimbo kwenye flash na pembeni anauza vitabu vya mtumba. Kwangu pale ni peponi. Nikamwambia anijazie nyimbo mpya, za kwaya na bongo fleva humo humo. Yeye anahangaika na laptop, mimi napekua vitabu.

Nikachukua riwaya moja ya Kiswahili, jalada limechanika. Kuifungua katikati, nikakuta plasta.

Ile plasta nyeupe ya hospitali, imekatwa nyembamba, imeshageuka njano. Juu yake pameandikwa kwa peni: "Mtoto wa Nyangeta. KE. II."

Waliowahi kulala wodi ya wazazi wameshaelewa. Mtoto akizaliwa anafungwa plasta mkononi yenye jina la mama, asije akachanganywa. KE ni wa kike. Hiyo II mimi nikadhani ni namba ya wodi.

Hapo udadisi ukanipanda. Nani anafanya plasta ya mwanae kuwa bookmark? Na huyo mtoto yuko wapi sasa hivi?

"Masatu, hiki umekitoa wapi?"

"Kilikuja kwenye boksi. Kuna bibi wa Butiama aliniuzia walipokuwa wanahama nyumba. Mkwewe ana genge pale sokoni kwao, anaitwa Nyangeta. Kwani kina kurasa pungufu?"

Aliposema Nyangeta, nikakilipia kitabu hapo hapo.

Nyumbani mume wangu akanionya. "Achana na plasta za watu, mke wangu. Hujui unaenda kufukua nini."

Alikuwa na pointi. Lakini mimi nikianza kujiuliza jambo, hata mshono nakosea. Jumamosi nikapanda gari, nikashuka Makutano, nikachukua boda mpaka Butiama. Kichwani nilishapanga kila kitu: namkuta mama anacheka, namwona binti alivyokua, tunapiga selfie.

Nikamkuta kweli. Mama wa makamo, mpole, anapanga nyanya kwa mafungu. Pembeni yake binti mkubwa tu, earphone sikio moja, anajifunza wimbo mpya wa kwaya yao. Anaimba sauti ya pili, vizuri kweli.

Nikasalimia, nikachagua nyanya. Mkono mmoja nimeshika kile kitabu, nimeshakitoa kwenye mkoba tayari kwa surprise yangu.

Mama akaita, "Kulwa, mletee mgeni mfuko."

Kulwa.

Wakuu, Kulwa ni pacha wa kwanza. Ile II haikuwa wodi, ilikuwa Doto, pacha wa pili. Na pale gengeni Doto hakuwepo.

Nilitaka nilipe niondoke, kweli kabisa. Ila mama alikuwa ameshaliona jalada. Akaacha nyanya.

"Dada, hicho kitabu umekipata wapi?"

Nikamweleza, nikampa. Hakukifungua. Alikaa kwenye ndoo, akakiweka mapajani. Nikaona hapa nimeharibu. Binti akatoa earphone. "Mama, kuna nini?"

Ndipo Nyangeta akasema. Mapacha walizaliwa njiti wote wawili. Alikuwa anawabeba kifuani, na nesi akamwambia awaongeleshe ili wazoee sauti yake.

"Niliongea mpaka maneno yakaniisha," alisema. "Mama wa kitanda cha jirani aliporuhusiwa akaniachia hiki kitabu. Nikawa nawasomea. Doto alipofariki nikambandua plasta, nikaiweka pale nilipokuwa nimefikia. Sikukifungua tena."

Mama mkwe hakujua lolote, walipohama akaliuza boksi zima. Nyangeta alitafuta mpaka ndani ya magunia ya mahindi. Hakuwahi kumpiga Doto picha. Hakuwa na kitu kingine chochote cha mtoto yule.

Kulwa alijua alikuwa na pacha, jina lake lenyewe linasema. Ila habari za kusomewa hakuwahi kuzisikia. Akafungua kitabu taratibu, akaitoa plasta, akaizungushia kidole gumba chake. Ncha zikakutana.

"Alikuwa mdogo hivi?"

"Na wewe ulikuwa hivyo hivyo."

Akaja mteja anataka nyanya, hakuna aliyemjibu. Ikabidi nimuuzie mimi.

Kulwa akauliza, "Ulikuwa umefikia wapi?" Mama akamwonyesha kwa kidole. Wakuu, alikumbuka mpaka mstari. Binti akaanza kusoma kwa sauti, boda zinapita, watu wanapatana bei, mama amefumba macho.

Sijui ni ukurasa wa ngapi Kulwa aliposhindwa kuendelea. Nikajua analia. Kumbe anacheka! Mama naye akashindwa kujizuia, anacheka huku anajifuta machozi na kanga.

"Jamani," akasema, "nilikuwa nimesahau kwamba kinachekesha."

Nilichojifunza: kabla hujauza vitabu vya mtu wa nyumbani kwako, muulize kwanza, halafu vikung'ute. Na ukikuta kitu cha mtu, kipeleke, lakini nenda kwa upole. Mimi nilienda na selfie kichwani.

Haya, nanyi semeni, mmewahi kukuta nini ndani ya vitabu vya watu? Na kama kuna kitabu umekiacha katikati kwa sababu unayoijua mwenyewe, si lazima ututajie.