Kufuli Lililotazama Mlango

Binti yangu alikuja Jumapili iliyopita kunisaidia kutafuta bili ya stima kwenye barua pepe yangu, na kabla hajaipata akakunja uso. Akanigeuzia simu.

"Mathe, hizi meseji umezisoma wewe?"

Nikamwambia sijazisoma. Mimi barua pepe huifungua nikilazimishwa.

"Basi kuna mtu anaingia. Ona, zimefunguliwa. Tubadilishe paswadi sasa hivi. Mwenye ako na ile ya zamani akae huko nje."

Nikasema nina njaa. Nikasema miwani sijui iko wapi, na ilikuwa kichwani. Mwishowe nikamwambia aniachie wiki moja, nitabadilisha mwenyewe, naye akaniangalia kwa yale macho ya mtu anayeongea na mtoto. Alijua, nami nilijua, ila hakuna aliyetamka. Barua pepe hiyo nilifunguliwa na kaka yake kabla hajasafiri, na nenosiri alilichagua yeye. Tangu mwaka juzi hapigi simu, na namba tuliyo nayo haiiti. Hatujui yuko mji gani. Hatujui kama yuko.

Akae huko nje. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa msichana wa shule ya msingi, miaka ya sabini, na tangu binti yangu aondoke sijafanya kazi nyingine ila kuyasikia tena.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, huku Eastlands, Nairobi, karibu na soko la nyama la Burma kiasi kwamba upepo ukivuma upande wetu tulikula ugali na sukuma wiki kwa harufu ya nyama ya wenzetu. Mama alipika uji kwenye shule ya watoto wadogo. Mimi nilikuwa mkubwa, nikifuatwa na mdogo wangu wa kike. Baba alikuwa seremala, na nasema alikuwa kwa sababu sijui niseme vinginevyo. Asubuhi moja alichukua msumeno wake kwenda kutafuta kibarua, akasema atarudi na unga. Hakurudi.

Mama alimtafuta kwenye vituo vya polisi, hospitali, na mochari, akirudi kila jioni hana la kutuambia. Watu wa kwetu upande wa magharibi wakatuma ujumbe: kama amekufa isemwe, tukae matanga, mambo yaishe. Mama akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala.

Mlango wetu ulifungwa kwa kufuli la shaba lililokuja na funguo mbili. Mmoja tulikuwa nao sisi. Ule mwingine uliondoka na baba, mfukoni mwake.

Kuhusu ule wetu, mama alikuwa mkali kuliko askari jela. Nilipotangulia kutoka shule niliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya sare, ukinigusa kifua kwa ubaridi. Usimwonyeshe mtu. Usimwazime mtu, hata jirani, hata kama analia. Mtu akikuuliza mama yuko wapi, sema amelala. Niliyashika yote, lakini moyoni nilikuwa nikimcheka kwa uchungu. Tunaficha huu mmoja kama dhahabu, na ule wa pili je?

Jirani yetu wa mlango wa pili aliuliza swali hilo kwa sauti. Alikuwa mshonaji, mama kutoka upande wa Nyeri, na cherehani yake ilikaa kibarazani ambapo aliona kila anayeingia na kutoka.

"Wewe mama, unangoja nini?" alimwambia mama siku moja nikiwa nimesimama pale. "Nunua kufuli ingine. Ufunguo yako inatembea Nairobi mzima, hujui iko kwa mfuko ya nani. Badilisha. Mwenye ako na ile ya zamani akae huko nje."

"Na akiwa ni yeye?" mama akauliza.

Jirani akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu siku hiyo nikaanza kuiogopa nyumba yetu wenyewe. Nikitoka shule nilisimama mbali kwanza, nikaliangalia kufuli. Baba alikuwa na tabia yake. Akifunga mlango, alilizungusha kufuli ili tundu la ufunguo litazame mlango, lisiingie vumbi na mvua, na watoto wasilitie vijiti. Sisi wengine tuliliacha linavyoanguka, tundu nje. Kwa hiyo nililitafuta lile tundu kutoka mbali, na nikiliona nilipumua. Sikuwa nikimtamani arudi, nataka ieleweke hivyo. Nilitaka awe amekufa kama watu wanaojua kufa, au awe hai mezani, akiomba chumvi. Hilo la katikati lilinitesa.

Jumapili moja tulitoka kanisani, ua lote likiwa tupu kwa sababu kila mtu alikuwa kwa Mungu wake, na nikaona tundu halipo. Kufuli lilikuwa limetazama mlango.

Mama aliona wakati mmoja nami. Alisimama na ufunguo mkononi hadi mdogo wangu akauchukua akafungua yeye. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti cha baba kilikuwa kimevutwa hadi mezani. Kikombe kilikuwa na maji kidogo chini. Koti lake zito, ambalo mama alikuwa ameliacha kwenye msumari tangu aondoke, halikuwepo. Na nyama, nusu kilo ambayo mama alikuwa ameinunua baada ya wiki nyingi za sukuma, akaichemsha mapema ili tuikute, ilikuwa imeliwa nusu. Nusu nyingine ilifunikwa vizuri, na mwiko juu ya kifuniko.

Yuko hai, nikawaza, na mwili ukanisisimka kama nimeambiwa amefufuka. Yuko hai, alikaa hapa, alijua saa tusizokuwepo, akazichagua.

Mama hakulia. Aliketi kwenye kitanda na kofia yake ya kanisani, akaiangalia ile sufuria. Kisha akasema, taratibu, "Amekula, akafunga mlango." Akarudia. "Amekula nyama ya watoto, akafunga mlango vizuri."

Kesho yake alinunua kufuli jipya, kubwa, la chuma. La zamani alilitupa ndani ya kopo chini ya kitanda. Ufunguo wa pili wa lile jipya alinivika mimi, uwe wangu, na mimi nilifurahi, sitasema uongo. Nilitembea nao kama mtu aliyenunua shamba. Mshonaji aliliona kufuli, akaitikia kwa kichwa na uzi mdomoni. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu baba aondoke, na sikusimama tena mbali kuangalia chochote.

Kwa hiyo ile Jumapili nyingine, miezi kadhaa baadaye, sikuwa nikiangalia. Mvua ilikuwa imenyesha na mama alikuwa amembeba mdogo wangu asichafue soksi. Mama ndiye aliyesimama. Kufuli la chuma lilikuwa limegeuzwa, tundu likitazama mlango.

Kwenye komeo palining'inia kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. Damu ilikuwa imepenya karatasi na kudondoka kwenye kizingiti. Mama alimshusha mtoto, akaligeuza kufuli. Pembeni mwa tundu chuma kilikuwa kimekwaruzwa, mikwaruzo mipya inayong'aa, ya mtu aliyejaribu ufunguo usioingia, akajaribu tena, akajaribu tena. Chini kulikuwa na tope la viatu. Viatu vilikuwa vimeenda na kurudi mbele ya mlango, vikaenda hadi ukutani chini ya paa, mahali ambapo mtu angejikinga mvua. Hapo tope lilikuwa jingi.

Mama alikimbia. Alivua viatu vya kanisani akavishika mkononi, akakimbia hadi barabarani, kisha Burma, mimi nyuma yake nikimwita. Aliuliza bucha baada ya bucha, akionyesha urefu wa mtu kwa mkono wake. Muuza nyama mmoja akasema ndiyo, alipita asubuhi, mwanamume wa koti zito.

"Hakujua anataka kilo ngapi," alisema. "Aliniambia tu nimkatie ya watu wanne."

Mama akashukuru. Akavaa viatu vyake juu ya tope, tukarudi nyumbani.

Alipika ile nyama yote. Aliweka sahani nne mezani, akapakua, na sisi watatu tukala bila kuangaliana. Ilikuwa nyama ya mbavu, laini, na nilimchukia baba kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Ya sahani ya nne aliirudisha kwenye sufuria, akafunika, akaweka mwiko juu. Halafu akaingia chini ya kitanda, akatoa lile kufuli la shaba, akalipaka mafuta ya kupikia hadi likalegea, akanivua ufunguo wangu mpya shingoni na kunivika ule wa zamani. Sikubisha.

Jumapili zote baada ya hapo, nyama ikiwepo, mama aliacha kipande kwenye sufuria tulipokwenda kanisani. Baba hakuja tena. Au pengine alikuja, akaliona kufuli la shaba kwa mbali na asiamini kwamba ni lake. Hilo ndilo huniamsha hadi leo. Tulipohama, nikiwa nimeshaanza kazi, mama alimwachia mpangaji mpya kufuli lile na kumwomba asilibadilishe. Yule kijana alinitazama mimi, akitaka nimweleze mama yangu ana nini. Nilimwambia tu ashukuru, ni kufuli zuri.

Mama amekwenda sasa, bila kukaa matanga ya mtu yeyote.

Binti yangu anarudi kesho, na najua atauliza. Jana, baada ya chakula cha mchana, nilivaa miwani yangu nikafungua barua pepe. Sikugusa nenosiri. Nilijiandikia barua mimi mwenyewe, kutoka kwangu kuja kwangu, kwa kidole kimoja, nikifuta na kuandika upya. Kichwa chake nikaweka: Nyama iko kwenye sufuria. Ndani sikuongeza mengi. Nilisema hatuna hasira. Nilisema dada yake ana mtoto sasa. Nikaituma, ikaja, ikakaa juu ya nyingine zote kwa yale maandishi meusi mazito ya barua ambayo haijasomwa na mtu. Sikuifungua.

Leo nimechungulia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Maandishi yamefifia. Imesomwa, na si mimi niliyeisoma.

Nimelia hadi chai ikapoa. Kisha nimeandika nyingine, fupi, kwamba kufuli ni lile lile.