Mtungi wa Samadi

Nikisikia harufu ya sabuni ya unga, hadi leo nayakumbuka maonyesho ya sayansi ya shuleni. Mwalimu wa sayansi alinifanyisha mazoezi wiki nzima: "Simama wima, onyesha majaji puto, kisha sema gesi imetoka wapi." Ndani ya mtungi wangu wa plastiki, samadi ya ng'ombe wetu ilikuwa imechacha siku nyingi, na puto nililofunga mdomoni mwake lilikuwa limeanza kufura.

Asubuhi ya maonyesho niliukuta mtungi umeanikwa kwenye ua, mweupe, ukitiririka maji. Puto lilikuwa limekunjwa vizuri kando.

"Nimekuoshea," mama akasema, mikono bado ina povu. "Huwezi pelekea wageni uchafu."

Barabarani mwalimu alikuwa ameshaanza kuniita.

Nikamwambia mama asante.