Maji ya Mzazi

Marehemu mke wangu Paskazia hakulipenda pango la Noeli la kanisani kwetu, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Kila mwaka, watu walipopiga magoti mbele ya zile sanamu, yeye alizikagua kama mtu anayechagua samaki sokoni, kisha akaninong'oneza:

"Ona, mzazi wa leo leo wamempigisha magoti. Nani kamkanda huyu?"

"Paskazia, huyo ni Bikira Maria."

"Kwani Bikira hakuzaa? Hana mgongo?"

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, suti ya mtumba ya kijivu na somo la kwanza la kusoma mimbarini, lakini nilichofanya ni kunyoosha tai yangu.

Paskazia hakuwa muuguzi wala mkunga. Alikuwa mkandaji. Kwenye kilima chetu hapa Ilemela, nyumba zikiwa zimejibanza katikati ya mawe kama kuku wanaokwepa mvua, mwanamke akishajifungua na kurudi nyumbani, aliyeitwa ni yeye. Alikwenda na sufuria ya maji ya moto na taulo, akamkanda mzazi tumbo na mgongo, akamnywesha uji wa ulezi na supu ya sato mpaka maziwa yakashuka. Alicheka sana kazini. Nilimsikia akimwambia mzazi mmoja, "Piga kelele mama, mumeo asikie, mwakani afikiri mara mbili." Mimi ndiye niliyekuwa nje na huyo mume, tukitazama viatu vyetu.

Alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, mwanaume haingii kwa mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Nyingine ilihusu Krismasi peke yake: sisi hatuli mpaka mzazi ale. Baada ya misa ya asubuhi alimtafuta mwanamke yeyote aliyejifungua karibu na sikukuu, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mtu wa mizimu ya babu zake, akampelekea chakula cha kwanza kutoka chunguni. Mimi nilibaki mezani na suti yangu, njaa ikinipa mawazo yasiyo ya Kikristo. Sisi Wahaya tunasingiziwa majivuno, na mimi Rugemalira nimejitahidi maisha yangu yote tusisingiziwe bure. Nilitaka kula kwanza, tena nikiwa natazamwa. Paskazia aliporudi alivua kanga ya kichwani na kusema, "Amekula. Haya, sasa Krismasi imeingia."

Mwezi wa nane mwaka 1997 moyo wake ulisimama akiwa anaanika dagaa. Nasema kwa kifupi kwa sababu kwa urefu siwezi.

Krismasi ya mwaka ule nilipanga kuomboleza kwa heshima. Ningekwenda misa, ningesoma somo langu kwa sauti nzito kidogo kuliko kawaida, watu wangesema, "Mtazameni, mgane huyu ana imani," kisha ningerudi kufunga mlango mpaka mwaka mpya. Uso wa huzuni niliufanyia mazoezi kwenye kioo, ingawa huzuni yenyewe nilikuwa nayo ya kutosha. Mjini, tangu biashara iwe huria, madukani kulijaa taa za kumetameta kutoka Dubai na kizee cha Krismasi cha plastiki kinachokatika kiuno ukikitia betri. Vitu hivyo nilishavidharau mapema. Annet, binti yetu, asingefika. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara ya Bukoba.

Asubuhi ya sikukuu, nikiwa nafunga tai, nikasikia mtoto analia kwenye chumba cha uani. Mpangaji wangu Odeta, binti wa Kijita, alikuwa ametoka zahanati jana yake na kichanga. Mumewe, Maige, alikuwa kwenye kambi ya uvuvi visiwani, na mawimbi yalikuwa yamezuia mitumbwi. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, cha mtoto anayechoka kulia. Nikapiga hodi.

"Odeta, mwanangu, habari za humo?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona analia hivyo?"

"Maziwa hayashuki. Ananyonya, hapati kitu."

"Wewe umekula nini?"

"Chai. Jana."

"Na nani amekuja kukukanda?"

Nikasikia akimbembeleza mtoto. Halafu akasema taratibu, "Baba, si yule aliyekuwa anatukanda..." Hakumalizia. Na mimi sikumwomba amalizie. Kilima kizima kilikuwa kimemzoea mtu mmoja, wala hakuna aliyejifunza kwake, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilizunguka kutafuta mwanamke. Majirani wa juu walikuwa wamehamia kwa ndugu zao baada ya mvua kubomoa ukuta wao. Wengine walishateremka kanisani, akiwemo shemeji yangu Teodora, mdogo wake Paskazia, anayeongoza kwaya. Nikaamua: nitakwenda misa, nitasoma somo, kisha nitarudi na Teodora. Mtoto atavumilia. Nikaanza kuteremka kwenye mawe yanayoteleza. Nyuma yangu mtoto akalia tena, safari hii kidogo zaidi, nikasimama. Ningependa kuandika kwamba nilirudi kwa upendo. Nilirudi kwa sababu nilijua Paskazia angeninong'oneza misa nzima.

Mkaa ulikuwa umelowa. Nikaumwagia mafuta ya taa, nikawasha, na nyusi zangu zikatangulia mbinguni. Maji yakachemka hatimaye. Uji wa ulezi nilioukoroga ulikuwa na mabonge ambayo mtoto wa shule angeweza kuyachezea kama gololi. Sato nilimpasua mwenyewe, kwa ujasiri, na nyongo nayo ikapasuka. Mtu aliyeishi miaka yote kando ya ziwa hili anajua kwamba hapo samaki ni wa kutupa. Lakini alikuwa mmoja tu, nami sikuwa wa kushuka ziwani na suti kutafuta mwingine. Nikamwosha, nikamchemsha, nikasogeza bakuli kwa mkono kupitia upenyo wa mlango, uso nimeugeuzia mawe.

"Baba," Odeta akauliza, "hii ni dawa?"

"Ni supu."

"Basi itakuwa na dawa ndani."

"Kunywa, mwanangu."

Akanywa. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli mpaka chini. Njaa ya mzazi haichagui mpishi.

Ikabaki kazi ya kukanda. Nikasogeza beseni la maji ya moto na taulo hadi kizingitini, nikaanza kuelekeza kwa sauti ya mimbarini.

"Lowesha taulo. Kamua. Sasa kanda ile sehemu."

"Sehemu ipi, baba?"

"Ile inayohusika."

"Mgongo au tumbo?"

"Zote zinazohusika."

Nikasikia taulo likianguka majini. Kisha akasema, sauti ikiwa imekatika, "Baba, siwezi hata kuinua hili taulo. Mgongo siufikii. Ingia."

"Mwanaume haingii mpaka kitovu kidondoke. Mama yako Paskazia alisema."

"Najua. Sasa baba, Yusufu yeye alisubiri kitovu kidondoke?"

Nikasimama pale mlangoni, mvua ikinidondokea kwenye shingo. Nimesikia habari za Noeli tangu nikiwa mtoto mgongoni, nimezifundisha jumuiya kwa ufasaha ulionipendeza mwenyewe, na sikuwahi kujiuliza maji yale ya Bethlehemu aliyachemsha nani. Malaika walikuwa kwa wachungaji, wanaimba. Nyota ilikuwa kwa mamajusi. Zizini alikuwepo seremala mmoja, mgeni wa mji, hana shangazi wala shemeji wa kumwita, na mzazi mbele yake. Kama alipika, nadhani alipika vibaya. Mungu aliyeumba ziwa hili angeweza kuleta beseni la maji ya moto kwa neno moja tu. Hakuleta. Alikubali kuja akiwa hajiwezi, mama yake akiwa na mgongo unaouma, na akaiachia kazi mikono iliyokuwepo, hata kama haikuijua.

Nikavua koti, nikaingia.

Sikuwa shujaa. Niliugeukia ukuta, nikanyoosha mkono nyuma kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, nikabandika taulo la moto mgongoni kwa Odeta juu ya kanga. Akapiga kelele. Nikaomba radhi. Nikabandika tena. Tuliendelea hivyo, kelele na radhi, mpaka mlango ukafunguka na sauti ya Teodora, aliyekuja baada ya misa kuona kilichonizuia kusoma, ikasema:

"Yesu na Maria! Shemeji, unafanya nini humo?"

"Namkanda mzazi."

"Mbona naona unakanda ukuta?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Odeta naye akacheka, akajishika tumbo na kulalamika kwamba tunamuumiza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane kusikia kicheko katika boma langu, na nilikuwa nimekigharamia kwa nyusi.

Teodora alilichukua taulo. Mikono yake ilikwenda kama ya dada yake, nikatoka haraka nje, si kwa sababu ya sheria tu. Nilipomaliza kufuta uso niliita kutoka uani, "Na somo langu je? Walifanyaje?"

"Mwanakwaya wangu Chenge kasoma. Watu wamesikia kila neno."

"Kwani mimi walikuwa hawasikii?"

"Wewe shemeji walikuwa wanasikia sauti."

Akachemsha uji mwingine, usio na gololi. Mchana ulipokuwa unasogea, kile kilio chembamba kikakatika. Nikashtuka, nikakimbilia mlangoni. Teodora akaniita kwa kidole. Mtoto alikuwa ananyonya, mashavu yanakwenda kwa nguvu, na maziwa mengine yanamtiririka kidevuni. Niliyatazama yale maziwa, halafu nikatazama chini, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshaanza mambo yao.

"Baba," Odeta akasema, "misa imenipita. Nisimulie yaliyosomwa."

Hilo ni ombi ambalo mtu kama mimi haombwi mara mbili. Nikasimama wima mlangoni, nikakohoa. Nikaanza na nabii, nikaeleza hali ya siasa ya wakati ule, nikaingia kwenye sensa ya Kaisari na ugumu wa safari kutoka Nazareti, nikilinganisha na barabara zetu. Kabla sijawafikisha Bethlehemu Odeta alikuwa amelala, usingizi mzito wa mtu aliyeshiba, na mtoto naye kifuani kwake.

Mahubiri yangu yamelaza watu wengi jumuiyani. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa kipaji hicho.

Teodora akanikabidhi lile beseni, akaninyooshea kidole kwenye mtaro, nikaenda kumwaga maji.