Maneno Aliyoyaacha Kwenye Kompyuta

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita nilimpoteza mume wangu, mpiga chapa wa hati karibu na mahakama ya Makadara. Wiki tatu baadaye nilifungua kibanda chake, kwa kuwa nyumbani kulikuwa kimya mno.

Nilisoma hadi darasa la nane tu. Kupiga chapa nilifundishwa naye, naye alijifunzia kwenye taipureta. Kwa hiyo sote tulikuwa na tabia moja: kila mwisho wa mstari tunagonga kitufe cha Enta, ingawa kompyuta hushusha mstari yenyewe. Tena mimi siangalii kioo cha kompyuta. Naangalia vidole.

Kompyuta ilikuwa imejifunza maneno ya mume wangu. Nikianza sentensi, iliweka mwisho wake kwa rangi ya kijivu, na nikigonga Enta iliuandika. Hilo sikulijua. Nilichoona ni kwamba hati zangu zilianza kufanana na zake. Nikadhani ndivyo ilivyo kwa mke na mume.

Asubuhi moja alikuja mama wa Majengo aliyepoteza kitambulisho, akitaka hati ya kiapo. Alisema, nikaandika, nikachapisha. Akaisoma kwa sauti.

"Jioni hiyo nilichelewa kufika nyumbani usinisubiri kula." Akanitazama. "Dada, haya ya kula nimeyasema saa ngapi? Nikamwambie hakimu asinisubiri kula?"

Alicheka. Mimi nikainuka kuyasoma mwenyewe. Huo ulikuwa ujumbe alionitumia mume wangu kutoka kompyuta hiyo kila kazi ilipozidi.

"Ni maneno ya marehemu mume wangu," nikasema.

"Inna lillahi." Akaiweka karatasi mezani polepole. "Pole, dada. Lakini mimi siwezi kuapa kwa maneno ya maiti."

Alisema kweli. Nikaanza tena mstari ule, ndipo nikayaona maneno ya kijivu kwenye kioo. Nikatafuta kwenye mipangilio ya kompyuta pa kuifanya iisahau sentensi ile. Hapakuwa na pa kuondoa moja. Palikuwa na kitufe cha kusahau yote. Kama mtengenezaji wa programu hii angejua kwamba watu wawili hutumia kibodi moja, na mmoja hufa, angeifanya iulize kwanza: leo ni mikono ya nani? Na Enta angeiacha ishushe mstari tu.

Nikamwomba mama yule anisubiri. Nikachukua daftari, nikawa naandika neno moja kwenye kompyuta na kungoja. Niliandika "Nipo"; ikajibu "Nipo njiani." Niliandika "Usi", ikajibu "Usifunge komeo." Nikanakili kwa kalamu hadi ikaanza kurudia.

"Chukua muda wako," mama akasema. "Hakimu mwenyewe bado yuko kwenye chai."

Nikabonyeza kitufe cha kusahau. Kisha nikaanza hati upya, safari hii macho kwenye kioo. Nilipofika kwenye "kufika nyumbani" nikagonga Enta. Mstari ukashuka, mtupu.

"Haya, tuendelee," akasema, akanitajia siku aliyoripoti polisi. Nikaiandika.